Wiki moja Tampere: nitawaonaje Wafini katika maisha yao ya kila siku?

*Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, naishi Mwanza. Wiki ya kwanza ya Februari nitakuwa Tampere, Ufini, kikazi. Nitakuwa huru jioni, na Jumamosi yote ni yangu. Sitaki kurudi na picha za minara tu, nataka kuona watu wa kule wanavyoishi. Lakini mimi ni Mwislamu, navaa hijabu, na nimesikia saunani watu hukaa uchi. Niache tu? Na chakula nitakipataje?*

Marahaba, Mwalimu. Nianze na sauna, yaani chumba cha kuogea mvuke wa moto, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Usiiache. Ila usikubali kupelekwa yoyote ile, kwa sababu sauna za Tampere hazifanani, na kati yake ipo utakayoingia na haya yako ikiwa salama.

Kabla ya hapo nikuambie jambo ambalo mimi nililielewa nikiwa nimeshakaa hapa miaka miwili. Mila za Wafini za kila siku hazina ngoma wala mavazi ya rangi. Ukitembea mjini ukizitafuta kwa macho utarudi hotelini ukisema hawa watu hawana mila. Wanazo, lakini kila moja ina siku yake na saa yake. Kuna supu ya Alhamisi, kuna keki ya tarehe 5 Februari, kuna kahawa ya saa nane mchana, kuna sauna ya Jumamosi. Ukiijua siku, kaa pale wanapokaa na ufanye wanachofanya. Hutakuwa mtazamaji tena, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini.

Basi tuingie saunani.

Tampere ilitangazwa mwaka 2018 kuwa mji mkuu wa sauna duniani, na mwaka 2020 utamaduni wa sauna wa Ufini uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu usioshikika. Nchi yenye watu milioni 5.5 inakadiriwa kuwa na sauna milioni 3 hivi. Nyumba nyingi za ghorofa zina sauna ya pamoja chini, na kila kaya ina zamu yake ya kila wiki, saa ileile mwaka mzima. Mfini akikuambia "Ijumaa saa moja siwezi, ni zamu yetu ya sauna," hakukwepi. Ni kama mtu wa kwetu kukuambia saa hiyo yuko msikitini.

Wala sijatia chumvi. Wafini wana msemo kwamba saunani mtu akae kama yuko kanisani. Vijijini, hadi karne ya 20 ilipokwisha kuanza, wanawake walijifungulia saunani, maana ndicho chumba kilichokuwa safi na chenye maji ya moto, na maiti waliogeshewa humohumo. Mvuke unaopanda maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto huitwa löyly, neno lenye undugu na neno la Kihungaria lenye maana ya roho. Kwa hiyo uchi unaokutisha haumo katika orodha ya mambo wanayoyawazia wakiwa mle. Hatazamwi mtu. Katika miaka yangu yote hapa sijawahi kusikia saunani neno moja juu ya mwili wa mwenzangu.

Sauna ninayotaka uende ni Rajaportti, mtaa wa Pispala. Ilifunguliwa mwaka 1906, nayo ndiyo sauna ya umma kongwe kuliko zote zinazofanya kazi Ufini. Jina lake maana yake ni lango la mpaka, kwa sababu mpaka wa jiji ulipita hapo, na Pispala haikuingizwa Tampere hadi mwaka 1937. Wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa viwanda katika nyumba ndogo za mbao zisizokuwa na pa kuogea vizuri, na Jumamosi jioni, wiki ya kazi ikiisha, walikuja kujisafisha pamoja. Hadi leo Jumamosi ndiyo siku yake, na ndiyo siku yako pia. Angalia ratiba yao kabla ya kutoka, kwa sababu hawafungui kila siku.

Rajaportti wanawake wana upande wao na wanaume upande wao, na hapo ndipo penye jibu la swali lako. Ndani ya chumba cha wanawake mtakuwa wanawake watupu. Mavazi ya kuogelea hayavaliwi, lakini kujifunga taulo hakumshangazi mtu. Mimi hupendekeza khanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Hainywi maji mengi kama taulo, haikuchomi, na unaweza kuifunga kifuani au kiunoni kama unavyoona inatosha. Mpaka wa stara kati ya mwanamke na mwanamke utauliza kwa shehe wako, mimi nakueleza tu chumba kilivyo. Chukua khanga mbili, kwa maana hiyo ya pili utaikalia. Kila mtu huweka kitambaa chini yake, na ukikalia mbao bila kitu, hilo ndilo litakalomkera mwenyeji kuliko vazi lolote utakalovaa.

Kuna jambo moja ambalo wengi huwa hawaambiwi: uani ni pa wote. Watu wakitoka kupunga upepo hukaa nje kwenye mabenchi, wanaume na wanawake, wakiwa wamejifunga mataulo, hata theluji ikianguka. Kama hilo halikufai, pumzikia ndani chumba cha kubadilishia nguo, au toka na joho refu la kuogea na kilemba chako. Hakuna atakayeuliza.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Vua pete, hereni na mkufu wa chuma, maana vitakuunguza. Simu ibaki kabatini. Oga kwanza. Kama umesuka rasta za kununua, zifunge kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa kuwa joto la benchi la juu huweza kufika nyuzi 80 au 90 na zaidi. Mabenchi yamepangwa ngazi ngazi. Kaa ya chini kwanza, joto liko juu. Ukiona dakika tano zinakutosha, toka. Hakuna mashindano mle, na anayetoka mapema hajashindwa kitu. Kunywa maji, pumzika, rudi tena. Watu huingia na kutoka mara tatu, mara nne, jioni nzima.

Siku yangu ya kwanza Rajaportti bibi mmoja alikuwa ameshika kata, ndoo iko miguuni kwake. Kabla hajamwaga maji alituangalia sote, akasema polepole, "Saako heittää?" yaani, naweza kumwaga? Wenzangu wakaitika kwa kichwa, lakini yeye alikuwa bado ananitazama mimi, mgeni, niliyekuwa chini kabisa karibu na mlango. Alingoja. Nilipoitikia ndipo akamwaga. Nikajua hiyo ni hodi yao. Ile joto ni mali ya wote waliomo, na hakuna anayeongeza bila kubisha hodi. Jifunze maneno hayo mawili, Mwalimu. Ukiwa na kata mkononi ukauliza hivyo, utakuwa umeingia Tampere kweli.

Ukimwona mtu anajipigapiga mgongoni kwa kifungu cha matawi, hiyo ni vihta, matawi laini ya mti uitwao koivu ambao gome lake ni jeupe. Watu wa mashariki ya nchi huiita vasta, na mabishano juu ya jina lipi sahihi ni ya zamani na ya upendo. Harufu yake ikipata mvuke ni ya majani mabichi ya kiangazi, katikati ya Februari.

Sasa, kuna sauna ya aina ya pili: Rauhaniemi, kando ya ziwa Näsijärvi, ilianza mwaka 1929. Huko wanaume na wanawake hukaa pamoja, na mavazi ya kuogelea ni lazima. Ukiwa na vazi la kuogelea la kufunika mwili, lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea chenyewe, uliza mapokezi kabla ya kulipa. Watu hupanda Rauhaniemi kwa ajili ya avanto, yaani tundu lililokatwa kwenye barafu ya ziwa. Unatoka kwenye joto, unatembea juu ya theluji, unashuka ngazi, unaingia majini. Maji yako karibu na nyuzi sifuri.

Sikushawishi wala sikukatazi, ila ukitaka, sikiliza. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito asiingie bila ushauri wa daktari. Vaa kofia ya sufu na viatu vya maji au soksi. Usiruke, shika ngazi, shuka taratibu. Baridi itakubana kifua na pumzi itataka kukimbia. Toa pumzi ndefu nje, ndipo mwili unatulia. Kichwa kisizame. Sekunde kumi zinatosha sana kwa mara ya kwanza, na asiwepo mtu anayeingia peke yake. Ukitoka utahisi ngozi yote inawaka kwa ndani, na usiku huo utalala kama mtoto.

Tugeukie tumbo. Tampere ina chakula chake inachojivunia kuliko vyote, soseji nyeusi iitwayo mustamakkara, inayouzwa moto sokoni Tammelantori na Laukontori, ikiliwa na jamu ya matunda madogo mekundu yenye uchachu, puolukka, na bilauri ya maziwa. Hiyo imetengenezwa kwa damu ya nguruwe, kwa hiyo wewe si yako. Lakini nenda sokoni asubuhi hata hivyo, ununue kahawa, usimame pembeni. Utawaona wazee waliofika na mikoba yao, kila mmoja na meza yake aliyoizoea. Kumbuka neno sianliha, nyama ya nguruwe, na veri, damu. Ukiyaona kwenye karatasi ya chakula, pita.

Wewe mtu wa Mwanza nina chakula chako. Kuna samaki anaitwa muikku, mdogo, mwembamba, wa maji baridi ya maziwa haya. Anapakwa unga mweusi wa rai, nafaka ya nchi za baridi, na chumvi, anakaangwa kwa siagi mpaka anakauka kingo, na analiwa na miiba yake yote. Ukimwona kwenye sahani utafikiria dagaa, ingawa huyu ana mafuta zaidi na ladha ya upole. Mtafute kwenye soko la ndani, Kauppahalli, barabara ya Hämeenkatu, jengo la mwaka 1901. Kuna pia supu ya samoni yenye viazi, maziwa na majani mabichi ya kunukia yaitwayo tilli, na vimkate vya karjalanpiirakka, ganda jembamba la rai limekunjwa kuzunguka wali uliopikwa na maziwa hadi ukawa uji mzito, juu yake siagi iliyopondwa na yai. Kwa hivyo hutalala njaa.

Chakula cha mchana huitwa lounas, na huliwa mapema. Saa tano na nusu foleni imeshajaa. Ukifika saa nane unakuta wanafuta meza. Unalipa bei moja, unajipakulia mwenyewe, saladi kwanza, mkate na siagi, na kahawa mwishoni imo ndani ya bei. Ukimaliza, peleka sinia lako mwenyewe mahali pake. Alhamisi fika tu na utakuta supu ya njegere kavu, hernekeitto, pamoja na pannukakku, mfano wa chapati ya maji nene iliyookwa kwenye oveni, na jamu. Shuleni ni hiyo, jeshini ni hiyo, hospitalini ni hiyo. Husimuliwa kwamba ni desturi ya tangu enzi za Ukatoliki, watu walipokuwa wakishiba Alhamisi kabla ya mfungo wa Ijumaa; Ukatoliki ulishaondoka karne nyingi, supu ikabaki. Ya kawaida ina nguruwe, kwa hiyo omba kasvishernekeitto, isiyo na nyama. Juu yake tia haradali kidogo kama wenzako.

Bahati yako ni kwamba tarehe 5 Februari inaangukia ndani ya safari. Ni siku ya kuzaliwa ya mshairi wa taifa, Johan Ludvig Runeberg, aliyezaliwa mwaka 1804 na ambaye shairi lake ndilo wimbo wa taifa. Bendera zitakuwa juu. Na mikahawa yote itakuwa na keki ndogo ya mviringo iliyosimama, ya lozi, yenye duara la sukari nyeupe juu na jamu nyekundu katikati. Mimi naona ni jambo zuri sana, taifa kumkumbuka mshairi wake kwa kula pamoja. Lakini nyingi hulowekwa kwa ramu au pombe nyingine, kwa hiyo uliza isiyokuwa na pombe: "Onko tässä alkoholia?"

Ila kahawa, Mwalimu! Wafini ni kati ya wanywaji wakubwa wa kahawa duniani, kilo 10 hivi kwa mtu kwa mwaka. Mapumziko ya kahawa kazini yameandikwa kwenye mikataba ya wafanyakazi. Si hisani ya bosi. Kahawa yao ni ya kukaangwa kidogo, nyepesi, yenye uchachu, nawe utaona ni maji maji. Vumilia, kikombe cha pili kinakuja. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa hili halitakuwa geni: ng'ambo ya ziwa lenu, kwa Wahaya, mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna. Huku naye mgeni asiyepewa kahawa hajakaribishwa. Pamoja nayo huja pulla, mkate laini mtamu, na hapo pua yako itashtuka, kwa maana ina iliki. Iliki tele! Panda kilima cha Pyynikki, kwenye mnara wa mawe wa mwaka 1929. Chini yake kuna mkahawa unaokaanga munkki, yaani donati za kwao, na watu wa Tampere hutembea msituni kwa makusudi hayo tu. Unga wa munkki kwa kawaida nao hutiwa iliki. Ng'ata mara moja ingali ya moto, na utakuwa umekaa Pwani ukila mahamri.

Juu ya mnara utaona maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, yamekuwa meupe. Ukiangalia vizuri utaona vidoa vyeusi vimetawanyika juu ya barafu, kila kimoja mbali na mwenzake. Ni watu. Wametoboa tundu, wamekaa kwenye kigoda, wanashika kijiti kifupi chenye uzi. Uvuvi huo huitwa pilkkiminen, na sheria inaruhusu mtu yeyote kuufanya bila leseni, hata mgeni kama wewe. Mwenyeji wako wa kazini akikuuliza unapenda kufanya nini, mwambie hilo. Nakuhakikishia atafurahi, na kama yeye hana vifaa, baba yake anavyo. Usitembee juu ya barafu peke yako. Pita zilipopita nyayo za wengi. Mtakaa saa mbili, mtasema maneno kumi, na mtapata labda samaki watatu wadogo wenye mistari, ahven.

Ukimya huo usikuumize. Sisi tuliozoea Mwangaluka, salamu ya Kisukuma, na maswali yake yote, habari za nyumbani, za watoto, za shamba, huona kama tumekasirikiwa. Salamu ya Tampere ni "Moro", jibu lake ni "Moro", basi. Kwenye kituo cha tramu wataacha nafasi ya mtu mzima kati yako nao, na ndiyo adabu yao, wanakuachia pumzi yako. Hata basi lao jina lake ni fupi, Nysse, limetokana na maneno ya kusema "sasa linakuja".

Ukialikwa nyumbani, fika dakika ileile mliyoahidiana. Viatu vinavuliwa mlangoni, hilo hatufundishani, lakini vaa soksi nzuri za sufu. Sauna ikiwa imewashwa na wewe hutaki, sema tu, "Leo nitapumzika, asante," wala hawatakulazimisha. Ukitaka, mwombe mama wa nyumba muingie wanawake kwanza, na hilo litapangwa bila maswali.

Zawadi usihangaike kununua uwanja wa ndege. Chukua pakiti ya kahawa iliyosagwa ya Bukoba na kifuko cha iliki ya Tanga. Na wakikuuliza unatoka wapi, taja Mwanza kwa sauti. Miji yenu hii miwili ina uhusiano wa ushirikiano tangu mwaka 1988, na wapo wakazi wa hapa waliowahi kuuona Mwamba wa Bismarck kwa macho yao. Ukimpata mmoja wao, weka kikombe chini, kwa maana mtachelewa kuagana.